Yai Linangoja Kuitwa

Elerai, Arusha
12 Februari 2023

Mwanangu Agnela,

Bwana asifiwe. Naomba karatasi hii ikukute na afya, na soksi nzito miguuni, maana baba yako anasema huko Ujerumani barafu inalala barabarani mpaka mwezi wa tatu. Sisi huku hatujambo. Mlima umejifunika mawingu tangu Jumatatu na upepo unatujaza vumbi ndani. Baba yako alipita juzi akitokea Machame, akatuachia mkungu wa ndizi za mtori, akakaa kidogo huku anaangalia saa. Unamjua. Bado anamwambia kila mtu kwamba mwanawe anasoma udaktari, nami nimechoka kumsahihisha.

Anko wako Abdiel yuko porini na wageni. Huu ndio msimu wa nyumbu kuzaa kule Ndutu, kwa hiyo wageni hawaishi, akirudi anafua nguo, anaondoka tena. Mama mkwe amehamia kwetu kutoka Nduruma tangu alipoanguka akaumia nyonga. Ni mama mzuri, usinielewe vibaya. Anaombea chakula kwa sauti, na kila mara anafika pale pa kumwomba Mungu alifungue tumbo la mtumishi wake. Mimi naitikia amina, tunakula.

Nimeandika kwa karatasi makusudi. Simu yangu hapa nyumbani ni ya wote. Mama anapenda kusikia ujumbe wako wa sauti, ananiambia urudie, urudie. Kwa hiyo nijibu kwa sanduku la posta la shule yetu, jina langu juu.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna mwalimu mwenzangu hapa shuleni, mtu mzima, ana miaka thelathini na sita, ameolewa na hajapata mtoto. Sasa ni zaidi ya mwaka hajaona siku zake. Hajamwambia mumewe. Ananiuliza mimi kwa sababu anajua nina mtoto wa kaka anayesomea mambo ya mayai ya uzazi. Anataka kujua, je, mayai yake yamekwisha? Na kama yamekwisha, yalikwisha kwa kosa gani? Mjibu kwa lugha ambayo mwalimu wa darasa la tano ataielewa, usimwandikie kama profesa.

Nakuombea. Kula vizuri.

Shangazi yako,
Anande

*

Leipzig
9 Machi 2023

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilichelewa, lakini imefika bila kufunguliwa. Niliisoma nimesimama pale pale kwenye ngazi, na koti sijalivua. Poleni na vumbi, na umpe Bibi pole ya nyonga. Mwambie mchungaji kwamba kanisa ninalosali lina kinanda kikubwa kuliko nyumba yetu, ila watu wake wanatosha kwenye benchi tatu. Baba simpigii mara nyingi. Naye hapigi.

Sasa mjibu mwalimu mwenzako hivi.

Mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote tayari. Hata kabla hajatoka tumboni, kila yai limeshaanza safari ya kukomaa, halafu likasimama katikati. Linasimama hapo miaka kumi na mitatu, ishirini, wakati mwingine arobaini. Zamani watu walidhani yai limelala tu. Halijalala, Shangazi, limezuiwa. Kuna seli ndogo zinalizunguka pande zote, na kati yao na yai kuna vijilango vyembamba. Kupitia vijilango hivyo seli zinalipelekea yai kemikali isiyokatika, na maana yake ni moja: ngoja. Ukilitoa yai peke yake, ukaliweka kwenye kisahani mbali na majirani zake, linaanza kuendelea lenyewe, kabla ya wakati wake. Nimeliona kwa macho yangu kwa mayai ya panya weupe, na sijazoea mpaka leo.

Kinachovunja kungoja huko ni wito kutoka kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Kila mwezi inatuma homoni za kuyalea mayai machache, halafu inatuma kwa wingi homoni ya kuliita moja. Seli za pembeni zikiusikia wito, zinafunga vijilango, ile kemikali inashuka, na yai linaendelea na safari. Kazi yangu hapa ni kujaribu kuipiga picha dakika hiyo, neno "ngoja" linapozimika.

Kwa hiyo mtu akikosa siku zake, haina maana moja tu. Inawezekana mayai yamepungua mapema. Inawezekana pia mayai yapo, yanangoja vizuri kabisa, ila wito ndio haufiki. Si kosa la mtu. Hakuna alichofanya.

Muulize kwa faragha mambo matatu. Je, kichwa kinamuuma mara kwa mara? Je, anaona vizuri, hasa vitu vya pembeni? Na je, matiti yake yanatoa maziwa? Aende kwa daktari hata kama majibu yote ni hapana.

Ninakupenda sana.

Agnela

*

Elerai
16 Aprili 2023

Mwanangu mpendwa,

Pasaka imepita salama. Mvua za masika zimeanza kwa hasira, mtaro wa mbele ya nyumba umefurika, na mama mkwe amegundua kwamba paa letu linavuja juu ya kitanda chake tu, kama vile linamchagua. Darasa langu wamefanya mtihani wa majaribio. Wengi wamefaulu Kiswahili, hesabu tusiizungumzie.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Hiyo habari ya yai kuzuiwa na majirani zake nimeipenda kuliko hubiri lolote la mwaka huu, Mungu anisamehe. Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikajikuta nimeacha kalamu, nawaza kwamba mimi nilipokuwa tumboni mwa bibi yako nilikuwa tayari na mayai yangu. Bibi yako alikuwa anachuma kahawa na mimi na mayai yangu wote tumo.

Yule mwalimu anashukuru. Kichwa hakimsumbui, na macho anasema ni mazima. Anasema ataenda hospitali shule zikifungwa, kwa sasa ana shughuli nyingi.

Anko Abdiel ameomba safari ndefu zaidi kazini, zile za mpaka kusini. Anasema zinalipa. Wifi yangu Kaanaeli alikuja Jumatatu ya Pasaka, akakaa sebuleni, akauliza mbele ya mama mkwe kama tumefikiria mbele au tunangoja uzee. Abdiel alikuwepo. Aliinuka akaenda kuangalia gari.

Unisamehe mwandiko. Nimeiandika barua hii kidogo kidogo kwa sababu mwanga unanichosha macho, na kichwa ndiyo hivyo tena, mambo ya masika. Siku hizi nashinda na sweta hata jua likiwaka, wanafunzi wananicheka.

Vipi panya wako?

Shangazi yako,
Anande

*

Leipzig
11 Mei 2023

Shikamoo Shangazi,

Kuna swali moja hukunijibu. Nililiandika la mwisho, labda lilipotea kwenye kona ya karatasi. Nalirudia: maziwa.

Mwambie mwenzako nisemayo, neno kwa neno ukiweza. Ile tezi ya kichwani haitumi wito wa mayai peke yake. Ndiyo hiyo hiyo inayotoa homoni ya maziwa, na kwa mama anayenyonyesha homoni hiyo inaunyamazisha wito ili asibebe mimba nyingine haraka. Ni mpangilio mzuri wa mwili. Lakini kwenye tezi kunaweza kuota kivimbe kidogo, kisicho saratani, kikaimwaga homoni ya maziwa bila sababu. Mwili unadhani kuna mtoto wa kunyonya. Maziwa yanatoka, wito unanyamaza, mayai yanaendelea kungoja kwa utii wote na hakuna anayeyaita.

Maziwa hayo si ushahidi wa mtoto, Shangazi. Mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba hata siku moja anaweza kuyapata. Mtu yeyote atakayemwambia vinginevyo hajui.

Na mwambie asingoje shule zifungwe. Kivimbe kikikua kinabana mishipa ya macho. Kinatibika kwa vidonge, mara nyingi bila kisu, ila macho yakishaharibika hatuwezi kuahidi kuyarudisha. Hapo Arusha yupo Daktari Reshma, tulisoma naye sekondari. Ni mtu wa huko huko mjini, babu yake aliuza vitambaa karibu na soko kuu. Anaongea polepole na hafokei mtu. Nimeshamwandikia kwamba huenda mwalimu fulani atakuja. Jina sikumpa.

Sina habari nyingine.

Agnela

*

Leipzig
20 Julai 2023

Shikamoo Shangazi,

Sijapata barua. Nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili umeniambia Bibi yuko hapa anakusalimu, tukaongea habari za mahindi. Sauti yako naijua. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea huku ameshika mlango usifunguke.

Kama nilikuandikia kwa ukali, nisamehe. Niliogopa. Si lazima uniandikie jambo lolote, niandikie tu kwamba mmeamka.

Kazi yangu sitaki kuizungumzia.

Agnela wako

*

Elerai
27 Agosti 2023

Agnela mwanangu,

Mwalimu mwenzangu ni mimi. Najua ulijua, na nakushukuru kwa kunisitiri barua zote zile.

Sasa nikueleze, maana nimekaa nayo hadi imeniozea moyoni. Maziwa yalianza mwaka juzi, kidogo tu, nikadhani ni jasho. Halafu Jumapili moja, mwezi wa kwanza mwaka huu, tumesimama kuimba kanisani, nikahisi ubaridi kifuani. Nikaangalia, blauzi ya bluu ina maduara mawili. Niliivuta kanga haraka, lakini Abdiel alikuwa upande wangu na alishaona. Tulitoka, tukasalimia watu, tukarudi nyumbani, hakusema kitu. Kuanzia hapo akaanza kutafuta safari ndefu. Nami nikanyamaza, kwa sababu ningemwambia nini? Mwanamke asiye na mtoto, na maziwa. Mimi mwenyewe nilijiona kama mtu aliyefanya jambo akasahau alilofanya.

Barua yako ya mwezi wa tano niliisoma chooni shuleni, nikaikunja, nikaogopa zaidi. Kuambiwa ni ugonjwa kulinitisha kuliko kunyamaza. Ndiyo sababu sikukuandikia.

Kilichonitoa ni bodaboda. Nilikuwa navuka barabara karibu na soko, nikaangalia huku na huku kama tunavyowafundisha watoto, nikaona peupe, nikakanyaga. Pikipiki ilitokea kushoto kwangu kama imetoka ardhini. Ilinipiga kikapu tu, nyanya zikatapakaa. Dereva akapiga kelele, "Mama, huoni?" Nilibaki nimesimama pale, najijibu moyoni kwamba kweli sioni. Upande ule haukuwepo kabisa.

Abdiel alirudi Jumamosi mchana. Alikuwa anaosha gari uani, mama mkwe yuko kwenye umoja wa wanawake. Nikamfuata na barua yako mkononi. Nikamwambia azime maji.

"Uliniona kanisani," nikasema. "Mwezi wa kwanza."

Alikaa kwenye bampa. "Nilikuona."

"Ulifikiri nini?"

Alikamua kitambaa cha kuoshea gari hata maji yalipoisha. "Nilifikiri ulizaa kabla sijakuoa, mtoto ukamwacha kwenu. Halafu nikafikiri labda ulizaa juzijuzi nikiwa porini, ukamtupa. Nilifikiri mambo mengi, Anande. Njia za huko ni ndefu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utasema ndiyo."

Nilimpa barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma ameinama, midomo inacheza. Alipofika pale ulipoandika kwamba maziwa hayo si ushahidi wa mtoto, alirudi juu akaanza tena. Halafu akanivua sweta, mwanangu, palepale uani, juani, akalikunja vizuri akaliweka juu ya boneti. Akasema, "Pole. Joto lote hili." Basi tukalia wote wawili kama watu waliofiwa.

Jumatatu hakwenda kazini. Alinipeleka kwa Daktari Reshma. Ulisema kweli, hafokei mtu. Alinipima damu, akanipeleka nikapigwe picha ya kichwa, na siku ya majibu akatuonyesha wote wawili kwenye kioo: tezi ilivyopaswa kuwa, na yangu, imevimba upande mmoja, imesogea juu kidogo kwenye njia ya macho. Abdiel akauliza kama nitapona. Daktari akasema uvimbe wa aina hii mara nyingi unasinyaa kwa vidonge. Nikamuuliza habari ya mtoto. Akasema, "Mwalimu, nisikuahidi. Kwanza tuokoe macho. Siku zako zikirudi, tutaongea mengine." Nimempenda kwa kutoniahidi.

Vidonge nimeanza. Mama mkwe hajui kitu.

Na wewe, nimesoma ule mstari wako wa mwisho. Huzungumzi tena habari za panya. Mimi nimekwambia yangu.

Shangazi yako,
Anande

*

Leipzig
19 Septemba 2023

Shikamoo Shangazi,

Nimeisoma barua yako kwenye basi, nikapitiliza vituo, nikarudi kwa miguu na mvua. Mpe Anko shikamoo yangu kubwa. Mwambie ile ya sweta nimeipokea.

Vidonge hivyo vitakutia kichefuchefu mwanzoni. Meza na chakula, wakati wa kulala. Usiviache bila kumwambia Reshma, hata ukichoka navyo.

Yangu ni haya. Mwaka mzima nilishindwa. Nilitaka kuiona ile dakika ya wito, lakini mayai yangu yote yaliamka mapema, mbele ya macho yangu, kabla sijayapa homoni. Profesa aliniambia kwa upole kwamba wapo wanaofaa zaidi kwa kazi nyingine. Nilianza kuandika barua ya kuacha. Sikumwambia Baba, maana angesema ndiyo hivyo, ungesoma udaktari.

Baada ya barua yako nilirudi maabara. Badala ya kuendelea kuliachia yai majirani wachache tu ili picha iwe safi, niliacha kifuko linamokaa kikiwa kizima, na majirani zake wote, ingawa picha inakuwa na ukungu na ni kazi ngumu mara nyingi zaidi. Nikaongeza homoni. Shangazi, liliendelea kungoja. Halafu mwanga wa kemikali ile ukaanza kufifia kutoka pembeni kuja katikati, polepole, na yai likaanza safari. Nilimwita Profesa. Alivuta kiti akakaa kimya akitazama, akasema tu, "Rudia kesho."

Nimerudia. Bado ni mayai machache, sijui kama yatasimama mbele ya wakaguzi. Ila ile barua ya kuacha nimeichana.

Agnela

*

Elerai
6 Januari 2024

Agnela mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Nilitaka nikuandikie mapema lakini mambo yalifuatana, na mengine yalikuwa hayajaisha.

Kichefuchefu chako kilikuja kama ulivyosema, na kilikaa. Asubuhi moja mwezi wa kumi nilikuwa natapika nyuma ya jiko, mama mkwe akanikuta. Hakuniuliza. Alirudi ndani na fimbo yake karibu anakimbia, na nyonga ile. Nilipotoka shuleni jioni nikakuta kuku amechinjwa, maji yanachemka, na wanawake wawili wa umoja wanatoka getini wamenishika mikono wananiombea. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda ananyonyoa manyoya na kuimba. Sijawahi kumsikia akiimba tangu nimeolewa.

Ningeweza kunyamaza. Nilikwisha kuzoea. Lakini kesho yake ingekuwa Kaanaeli, kesho kutwa Nduruma nzima.

"Mama," nikasema, "si mimba. Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya maziwa. Matiti yanatoa maziwa, Mama, na mimi sijawahi kuzaa. Ni ugonjwa, uko kichwani. Abdiel anajua."

Mikono yake ilisimama ndani ya manyoya. Nilisubiri aniite muuaji. Badala yake akasema jina, taratibu, "Resiato."

Nikauliza Resiato ni nani. Katika miaka yote hii sijawahi kulisikia.

Ni dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa. Unajua mama mkwe ni Mwarusha, kwao ni Kisongo, akaja kuolewa Umeruni. Huyo dada aliolewa akiwa msichana, upande wa Monduli. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, hakuna mtoto, halafu mama wa mumewe akaona maziwa kwenye nguo. Wakasema amezaa kwa siri akamzika mtoto porini. Walimpiga ili aonyeshe mahali. Aonyeshe nini? Akarudishwa kwao, na huko nako wakaamini. Amekaa kwenye boma la kaka yake mpaka leo. Hakuna aliyewahi kumwita kwenye sherehe ya mtoto.

"Na wewe, Mama, uliamini?" nikauliza.

"Nilikuwa mdogo," akasema. Halafu akasema, "Ndiyo. Niliamini."

Yule kuku tulimla. Mama aliombea chakula kwa kifupi sana usiku ule, hakutaja tumbo la mtu.

Siku zangu zilirudi mwezi wa kumi na moja, nikiwa darasani. Nilikaa kwenye kiti changu nikawaambia watoto wachore wanachotaka. Daktari Reshma amenipima macho tena, ule upande wa kushoto upo. Uvimbe umepungua. Mtoto hatujui, tunaendelea kungoja, na kungoja huku si kama kule kwa kwanza. Abdiel amerudi kwenye safari fupi. Kaanaeli aliambiwa na mama mkwe mwenyewe, mlango umefungwa, sijui alimwambia nini, ila alitoka akanisaidia vyombo.

Sasa Kisongo. Mama alisema lazima twende wakati wa sikukuu, watu wote wakiwa nyumbani. Abdiel alitupeleka tarehe ishirini na saba. Resiato ni mzee sana, mwembamba, ameketi mbele ya nyumba yake ndogo upande wa zizi. Mama mkwe aliinama, akampa kichwa amguse kama mtoto anavyomsalimu mkubwa, na akabaki ameinama hivyo muda mrefu. Halafu akaniambia, "Mweleze."

Nikaeleza kama ulivyonieleza. Mayai anayozaliwa nayo mtoto wa kike, majirani wanaoyazuia, wito kutoka kichwani, kivimbe, maziwa. Kiswahili kilipokuwa kizito, mama alisema kwa Kimaasai. Resiato aliniangalia mdomoni tu, hakuangalia macho.

"Mayai yangu yalikuwepo?" akauliza.

Nilikumbuka unavyopenda ukweli, mwanangu. Nikamwambia, "Hukupimwa na daktari, Yeyo, mama yangu, siwezi kuapa. Lakini naamini yalikuwepo. Yalikuwa yanangoja kuitwa."

"Na mtoto hakuwepo."

"Hakuwepo."

"Nilisema hivyo," akasema. "Niliwaambia."

Mama mkwe alikuwa analia, amejiziba mdomo na kanga. Resiato hakulia. Alishika fimbo yake akainuka, akakataa mkono wa Abdiel, akatuongoza hadi uwanja wa katikati, wanaume wa boma walipokuwa wamekaa na nyama yao, watoto wa kaka zake na watoto wao, wengine wametoka mjini na magari, wake zao upande wa pili. Aliwaambia wazime redio. Wakazima. Aliwaambia wale waliosimama wakae. Alisubiri hadi wa mwisho akakaa. Kisha akanivuta mkono akanisimamisha mbele yao.

"Sema," akasema.

Agnela, mimi niliyekuwa nasoma barua zako chooni, nilisema neno maziwa, nikasema neno titi, mbele ya wanaume wa watu, na mume wangu amesimama nyuma yangu. Nilisema kwamba mwili wangu ulifanya hivyo hivyo kama wa mama huyu, kwamba daktari ameuona ugonjwa kwenye picha, kwamba sijazaa na sijazika mtu. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekaa mwisho kabisa, masikio yake mazito, aliuliza huyu mgeni anasema nini. Jirani yake akataka kumnong'oneza.

Resiato alinyoosha fimbo, yule jirani akanyamaza. Akanigeukia.

"Hajasikia," akasema. "Sema tena."

Nikasema tena, kwa sauti.

Shangazi yako akupendaye,
Anande